Adabu za msahafu, karatasi zenye aya na picha: mwongozo wa hatua kwa hatua

Niliwahi kudizaini tangazo la darsa, nikaweka juu kabisa aya ya Kiarabu kwa khati (mwandiko wa mapambo) nzuri ya rangi ya dhahabu, nikaona hapo nimeua, zikapigwa kopi watu wakagawiwa mlangoni baada ya swala ya Ijumaa. Kufika jioni nusu ya zile karatasi ziko chini, zingine zina alama za viatu. Na waliozikanyaga ni walewale ambao ukiwapa msahafu wanaupokea kwa mikono miwili na kuubusu. Ndo nikaelewa kwamba msahafu wenyewe hauna shida sana, kila mtu anauogopa, tunapoharibu ni kwenye hivi vitu vidogo vinavyopita mikononi kila siku: karatasi, simu, tisheti, kadi, picha. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuelemeza huko, ingawa nitaanza na msahafu. Hata kama siyo Muislamu ila unaishi au unafanya kazi na Waislamu soma tu, kuna ya kwako humu.

Hatua ya 1: Jua ulichoshika ni kitu gani

Hapa watu wanachanganya sana. Msahafu ni Qurani iliyoandikwa kwa Kiarabu chake, na haijalishi iko nzima na sura zote 114 au ni juzuu (fungu) moja tu kati ya 30, hata kile kijitabu cha Juzuu Amma cha watoto kilichochanika jalada kina heshima ileile. Kitabu cha tafsiri ambacho maelezo ni mengi kuliko aya, wanazuoni wengi hawakukipa hukumu ya msahafu kwenye suala la udhu, kule kunawa kama kwa ajili ya swala. Na tafsiri tupu, ya Kiswahili au lugha yoyote, isiyo na Kiarabu ndani, siyo msahafu, ila hiyo siyo ruhusa ya kuifanya kifuniko cha sufuria. Chini ya hapo kuna vitabu vya hadithi (mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume), vya fiqhi (sheria za dini), vya dua, halafu jeshi zima la vitu vidogo: kalenda, daftari za madrasa, kadi za harusi, bahasha zilizoandikwa Bismillah.

Na vitabu vya wenzetu je? Kwenye kitabu cha hadithi cha Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Mayahudi walimwita Mtume (s.a.w.) awaamulie kesi, wakamwekea mto akae, ilipoletwa Taurati akautoa ule mto chini yake akaiweka Taurati juu yake. Mimi nikisikia mtu anajisifu kuchana Biblia ya mtu huwa nakumbuka ule mto.

Hatua ya 2: Udhu kabla ya kushika

Madhehebu yote manne ya Kisunni, Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali, yanasema asiye na udhu asiushike msahafu. Wanategemea aya ya 79 ya Suratul Waqia, inayosema hawaigusi ila waliotakaswa, pamoja na barua ya Mtume kwa Amr bin Hazm kwamba asiiguse Qurani ila aliye tohara. Wapo waliopinga, kama Ibn Hazm wa Andalusia (huyu ni mwingine, usichanganye na wa barua), wakasema aya ile inazungumzia malaika. Lakini kama huna sababu ya maana, kutia udhu ni dakika mbili tu, kwa nini uhangaike.

Kusoma kwa kichwa bila udhu inafaa, hilo halina ugomvi. Mwenye janaba, yaani anayedaiwa kuoga baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii, ndo asubiri mpaka aoge. Mwanamke aliye kwenye hedhi kuna hitilafu, Wamaliki wamemlegezea kusoma, hasa anayefundisha au anayejifunza asije akasahau, kwa hiyo dada asikurupushwe na mtu aliyesoma kauli moja tu. Watoto wanaojifunza Washafii wamewaachia washike hata bila udhu, maana ukimwambia mtoto wa miaka sita akatie udhu kila anapojamba hutasomesha.

Sasa kuna dharura. Ukiona msahafu unataka kuungua, unadondokea kwenye maji machafu, au umeanguka njiani, okota hapohapo hata kama huna udhu. Wanazuoni wamesema katika hali hiyo kuuokoa ni wajibu. Usisimame unatafuta mtu mwenye udhu huku unalowa.

Kwa asiye Muislamu anayetaka kusoma, mpe tafsiri, na umpe kwa furaha. Mtume mwenyewe alimwandikia Hirakli, mfalme wa Warumi, barua yenye aya ya 64 ya Aal Imran ndani yake, na Hirakli hakuwa Muislamu.

Hatua ya 3: Mahali pa kuuweka

Juu ya vitu vingine, sehemu safi, pakavu. Ukisoma umekaa chini tumia marufaa (kile kibao cha kuwekea msahafu) au mto, na siyo lazima marufaa ya mbao iliyonakshiwa, hata begi safi linatosha. Ukipanga vitabu kwa kulaliana msahafu uwe juu kabisa, kisha hadithi, kisha vingine. Usiweke juu yake miwani, kalamu, chaji, kikombe, hasa kikombe! Usiunyooshee miguu, usiufanye mto wa kichwa, na kama unasafiri usiutie kwenye mfuko mmoja na viatu, hata viatu vikiwa vipya.

Ukihama nyumba ndo utaona vituko, msahafu unakutwa chini ya masufuria. Fanya hivi: beba misahafu mwenyewe mkononi au kwenye begi lake, iwe ya mwisho kutoka na ya kwanza kupangwa. Na kule unakohamia amua rafu yake kabla ya kuamua ya televisheni.

Kukunja ncha ya ukurasa kuweka alama, hapana, tumia utepe. Kulamba kidole ufungue ukurasa, hapana, wanazuoni wa zamani wamelikemea hilo na ukifikiria kidogo utaona kwa nini. Kuandika pembeni kwa penseli ni jambo ambalo wanafunzi wengi wanafanya kwenye misahafu yao na sioni ubaya, ila msahafu wa waqfu wa msikitini, uliotolewa kwa ajili ya wote, usiuandike kitu, hata jina lako, na usiondoke nao kwenda nyumbani "mara moja tu".

Ukilowa, usiuanike juani, karatasi inajikunja na gundi inaachia. Usimamishe ukiwa wazi kidogo kama feni, weka karatasi za kunyonya maji kila baada ya kurasa chache, ubadilishe zikilowa, upepo upite. Jalada likiachia peleka kwa fundi wa kujalidi vitabu.

Ukikudondoka kwa bahati mbaya je? Okota, futa, rudisha mahali pake. Basi. Wako watu watakwambia upime uzito wa msahafu utoe sadaka ya nafaka uzito huohuo, hilo halina dalili, sadaka ni nzuri siku zote ila siyo faini. Na kuubusu, hakuna hadithi ya Mtume juu ya hilo, ila imepokewa kwamba Ikrima bin Abi Jahl alikuwa anauweka usoni na kusema "kitabu cha Mola wangu", kwa hiyo anayebusu kwa mapenzi muache, na asiyebusu muache vilevile.

Halafu kuna ile ya kuuviringisha kwa hariri, ukawekwa juu ya kabati, mwaka mzima hakuna aliyeufungua, vumbi tu. Watu wanaita heshima. Qurani yenyewe kwenye Suratul Furqan aya ya 30 inamtaja Mtume akilalamika kwa Mola wake kwamba watu wake wameihama Qurani hii. Msahafu uliochakaa kwa kushikwa una hali nzuri kuliko huo wa juu ya kabati.

Hatua ya 4: Inaposomwa

Suratul Aaraf aya ya 204 inasema isomwapo Qurani isikilizeni na mnyamaze. Maana yake kwa vitendo: kama mnapiga stori, zima. Siyo punguza sauti, zima. Watu wanawasha Qurani halafu wanagombania rimoti, wengine wanateta jirani huku Suratul Hujurat, yenyewe inayokataza kusengenya, inasomwa nyuma yao.

Hatua ya 5: Simu

Swali linaloulizwa kila siku ni kama simu yenye apu ya Qurani inahitaji udhu. Wanazuoni wengi wa sasa wanasema simu siyo msahafu, zile herufi ni mwanga unaokuja na kuondoka, kwa hiyo unaweza kusoma bila udhu, na chooni unaingia nayo mradi apu imefungwa na hakuna kinachosoma. Wapo wanaosema aya ikiwa imefunguka kwenye skrini usiiguse sehemu ile bila udhu. Ukitaka kuchukua tahadhari chukua, ila usimlazimishe mwenzio.

Mambo ambayo mimi nayaona makubwa kuliko hilo la udhu ni haya. Usiweke aya iwe mlio wa simu, kwa sababu itaanza kusoma uko chooni, na ukipokea unaikata katikati ya sentensi, mara nyingine panapokatika maana inageuka kabisa. Adhana vilevile, mtu anaikata kila siku kama anamfukuza inzi. Usitumie aya kama stika ya kumtania mtu kwenye grupu. Na kabla ya kufowadi picha yenye aya, fungua msahafu uhakiki, maana kuna picha zinazunguka zina herufi zilizokosewa, na nyingine ni maneno mazuri tu ya mtu yaliyobandikwa jina la sura. Kuituma Qurani ikiwa na makosa ni kuivunjia heshima kuliko kuishika bila udhu, hayo ni maoni yangu na nayashikilia.

Hatua ya 6: Picha

Huku kuna kelele nyingi. Qurani haina aya inayosema moja kwa moja picha ni haramu, makatazo yamekuja kwenye hadithi, na hadithi zenyewe ukizisoma zote pamoja unaona kuna mahali pameachwa wazi. Bi Aisha, mke wa Mtume, alitundika pazia lenye picha, Mtume akalichukia akaliondoa, Bi Aisha akalikata akafanya mito. Mapokezi mengine yanasema Mtume alitaka pazia liondolewe kwa sababu picha zake zilikuwa zinamjia ndani ya swala. Na kwenye hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha, kuna mapokezi yamevua michoro iliyo kwenye nguo. Kwa hiyo tofauti ya wanazuoni kuhusu picha za kamera haikutoka hewani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, aliziruhusu akisema kamera inanasa kivuli tu, haiumbi kitu, na wengine wakakataa isipokuwa kwa haja kama vitambulisho.

Kwa matumizi ya nyumbani: sanamu za viumbe hai za kupamba, ziache. Mahali unaposwali, mbele yako pasiwe na picha ya mtu wala mnyama, geuza au ondoa, hata kama ni picha ya marehemu baba. Mswala wenye mchoro wa Kaaba swali tu, ila mimi huugeuza nisikanyage mchoro, au natumia usio na kitu kwa sababu macho yangu yana tabia ya kuhesabu madirisha.

Picha za Mitume ndo ishu nyeti zaidi. Mwaka wa 8 Hijria, yaani 630, Mtume alipoingia Makka hakukubali kuingia ndani ya Kaaba mpaka masanamu na picha vitolewe, na kati ya vilivyotolewa ni Ibrahim na Ismail wamechorwa na mishale ya kupigia ramli mikononi. Yaani picha ya babu yake mwenyewe. Ndo maana leo Waislamu wengi sana hawakubali mchoro wa Mtume yeyote, hata ukiwa wa kusifu. Ni kweli historia ina michoro: mapema karne ya 14 huko Tabriz kulichorwa vitabu vinavyomwonyesha Mtume Muhammad, na miaka ya 1590 wachoraji wa dola ya Kiosmani walimalizia maisha ya Mtume kwa picha yaliyoagizwa na Sultani Murad III, uso wake ukiwa umefunikwa. Kwa Mashia wengi pia suala hili ni jepesi zaidi. Kwa hiyo kama unafundisha historia ya sanaa na unalazimika kuonyesha, tangaza mapema, asiyetaka kuona apate nafasi ya kutoka, na usiiposti kwenye grupu la familia eti "mlijua hii?".

Zile picha za akili mnemba zinazosema huyu ni Nabii Yusuf, usitengeneze, usifowadi. Hakuna anayejua sura yake, umechora mtu tu ukamzushia.

Ukitaka kitu cha ukutani kinachomtaja Mtume, jadi yenyewe ilishapata jibu lake. Hafiz Osman, mwandishi wa khati wa Kiosmani aliyefariki 1698, ndiye aliyeupa umbo linalojulikana ule ubao unaoitwa hilya: badala ya sura, yanaandikwa maelezo ya umbo na tabia za Mtume yaliyopokewa kwa masahaba. Unasoma maneno, picha hamna. Utundike juu, siyo ukuta wa choo na siyo nyuma ya mlango unaobamizwa.

Hatua ya 7: Kabla hujaprinti

Jiulize karatasi hii itaishia wapi. Kama jibu ni jalalani, usiweke aya. Ni hivyo tu, kama ni kadi ya harusi, tangazo la darsa, mfuko wa zawadi au kitambaa cha kufutia mikono, vyote vinatupwa. Mimi baada ya yale ya Ijumaa naandika jina la sura na namba ya aya kwa herufi za kawaida, anayetaka ataifungua mwenyewe. Bibi harusi mmoja alinuna akasema kadi imekosa baraka, nikamwambia Bismillah tuitamke tukianza sherehe, akakubali shingo upande.

Tisheti zenye shahada (lile tamko la imani ya Kiislamu) au jina la Allah, mtu anaingia nazo chooni, anazitupa chini, zikichakaa zinafanywa tambara, bora usishone. Cheni na pete zenye jina la Allah, vua au ingiza ndani ukienda haja. Imepokewa kwamba pete ya Mtume iliyoandikwa "Muhammad Rasul Allah" alikuwa anaivua akiingia chooni, na ingawa wanazuoni wa hadithi wameitilia shaka sanadi yake (mlolongo wa waliopokea habari hiyo), adabu yenyewe wamekubali.

Kama wewe ni dizaina na hujui Kiarabu, usichukue herufi mtandaoni kwa sababu zinapendeza. Januari 1994 kampuni ya mitindo ya Chanel walionyesha magauni yaliyodariziwa maandishi ambayo ilikuja kujulikana ni aya za Qurani, wakaomba radhi na magauni yakaharibiwa. Mwaka huohuo, msimu wa Kombe la Dunia, McDonald's walichapa bendera za timu kwenye mifuko ya chakula, ya Saudia ikiwemo, na bendera hiyo ina shahada, ndiyo sababu hata nusu mlingoti haishushwi. Mwaka 1997 Nike waliita virudishwe viatu zaidi ya jozi 30,000 kwa kuwa mchoro wa neno "Air" ulifanana na jina la Allah kwa Kiarabu. Wote hao wangemuuliza mtu mmoja anayesoma Kiarabu yangeisha hapo.

Hatua ya 8: Ukichakaa

Weka boksi moja safi nyumbani, andika juu "ya kutunzwa", kila karatasi yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu inaingia humo: kalenda ya mwaka jana, kurasa zilizochomoka, daftari za madrasa. Likijaa unachagua njia.

Kuzika: funga kwa kitambaa safi, toa majalada ya plastiki, chimba shimo refu mahali pasipokanyagwa na maji machafu hayapiti. Wahanafi wameipenda hii, wanasema kama anavyozikwa Muislamu.

Kuchoma: wengi wanashtuka wakisikia, lakini Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, alipokusanya Qurani kwenye msahafu mmoja kwa kazi ya Zaid bin Thabit na kupeleka nakala mikoani, aliamuru maandishi mengine yachomwe, na iko kwenye Sahihi Bukhari. Choma peke yake, siyo na taka, kwenye chombo safi, mpaka iwe majivu kabisa, majivu uyafukie. Na usirekodi video, tafadhali sana.

Mashine ya kukata karatasi: inayosaga vipande vidogo mpaka herufi hazionekani inafaa, ile ya mikanda mirefu haifai kwa sababu maneno yanabaki mazima.

Kuhifadhi: kuna waliochagua njia hii. Karibu na Quetta, Pakistan, kuna kilima kiitwacho Jabal-e-Noor, ndani wamechimba mahandaki yaliyojaa misahafu mikuukuu kutoka kila upande. Na mwaka 1972 mafundi waliokuwa wanakarabati Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta darini rundo la kurasa za Qurani, nyingine za karne ya kwanza ya Hijria. Mtu fulani alizipandisha pale ili zisikanyagwe. Kwa hiyo ukikuta maandishi ya mkono ya zamani kwenye sanduku la babu, usizike wala usichome, onyesha kwanza mtaalamu wa nyaraka.

Njia moja siyo njia: kupeleka lundo la misahafu iliyochanika msikitini usiku na kuiacha dirishani. Umemhamishia imamu mzigo wako.

Hatua ya 9: Ukiona mtu amekosea

Muulize kwanza. Anayechoma karatasi pengine anafuata ile njia ya Uthman, anayeshika bila udhu pengine ana kauli ya mwanachuoni, na aliyekanyaga pengine hakuona au hasomi Kiarabu. Machi 2015 mjini Kabul, Farkhunda Malikzada alizushiwa kwamba amechoma Qurani, umati ukamuua mchana kweupe, na uchunguzi ukakuta hakuchoma kitu, yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa masomo ya dini. Waliompiga wengi walikuwa wamesikia tu kelele.

Kwa hiyo usipige kelele, usirekodi, usiite watu. Okota kile kilichoanguka, kiweke juu, mvute mhusika pembeni, ongea naye kwa sauti ya chini. Kama ni mtoto, mwonyeshe rafu iko wapi. Kama ni mgeni wa kazini asiye Muislamu ameweka kikombe juu ya msahafu wako, kiondoe kikombe, mwambie tunauweka hivi, mara nyingi yeye ndiye ataona aibu kuliko wewe, na kesho yake utamkuta anauliza kama anaweza kupata tafsiri.